Mpaka Ganzi Iishe

Jumatatu jioni Mama alisimama kwenye mlango wa chumba ninachofanyia kazi, ameshika kikombe chake kitupu, akaniambia kwamba Jumamosi mdogo wangu atakuja kumchukua akakae kwake.

"Sawa, Mama," nikasema.

Nilikuwa nahamisha picha ya gari kwenye kompyuta. Lilikuwa gari dogo jeupe la chuo cha udereva, na mwenye chuo, ambaye watu wote humwita Breki, alitaka likae katikati ya ukurasa lakini lisionekane limesimama. Nililisogeza kidogo kushoto. Mama hakuondoka.

"Sawa nini?" akauliza.

"Sawa tu. Jumamosi. Nimesikia."

Aliutazama mgongo wangu. Najua aliutazama, kwa sababu kivuli chake kilikuwa kimeangukia meza na hakikutikisika. Kisha kivuli kikaondoka, nikasikia mkongojo wake ukigonga sakafu hadi chumbani kwake. Nikalirudisha gari kulia.

Mama ameishi nami tangu nilipofiwa na mume wangu. Alikuja kwenye msiba na begi moja, watu walipotawanyika yeye akabaki, na hakuna aliyeuliza anabaki hadi lini. Sasa alikuwa anaondoka. Nilitafuta ndani yangu kama kuna mahali panapouma, kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta funguo. Sikukuta kitu. Nikaendelea na gari.

Asubuhi hadi alasiri mimi hukaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kazi ya kutengeneza tovuti ni ya pembeni, ya saa zinazobaki. Niliisomea ukubwani, katika darasa la jioni, mimi peke yangu nikiwa na miwani ya kusomea, chini ya mwalimu kijana aliyeniita Mama huku akinisahihisha. Siku za kwanza nilikishika kipanya kama vile kingeniuma. Nilisali kabla ya kila somo na kabla ya mtihani, na nilipofaulu nilimshukuru Mungu kwanza, mwalimu baadaye.

Lakini cheti hakiiti wateja. Nilikaa mbele ya kompyuta kama muuza miavuli wakati wa kiangazi. Ndipo nikamwendea Mama. Mama yangu akisali, anasali kama mtu anayeongea na jirani wa ng'ambo ya ua: kwa sauti, kwa majina, bila kuzungukazunguka. Nikamwambia, "Mama, niombee wateja."

Akauliza, "Hao wateja ni watu wa namna gani? Nisije nikaomba vibaya wakaletwa wengine."

Nikamweleza. Tangu siku hiyo kila jioni aligonga ukuta kwa mkongojo, maana chumba chake na changu vinapakana. Nikisikia hodi hiyo nilifunga kompyuta, hata kama neno liko katikati, nikaenda kuketi kwenye kitanda chake, tukasali. Hodi ya Mama ndiyo iliyokuwa mwisho wa siku yangu ya kazi. Na kila jioni aliwaomba wateja, nami nikaitikia amina.

Wakaja. Wa kwanza alikuwa msusi, aliyetaka picha za vichwa vya watu bila sura zao. Akafuata mwenye duka la vitanda, mama mmoja aliyetaka rangi nyekundu, lakini si nyekundu ya kelele. "Nyekundu ya heshima," alisema, na mpaka leo sijui kama nimewahi kuipata. Wakaja fundi wa friji, mpiga picha za harusi, Breki, na mke wa Breki ambaye ni mshonaji. Kila mmoja alimleta mwenzake. Kila mmoja nilimjibu sawa.

Mwalimu alikuwa ametufundisha jambo hili. Kabla hujapokea kazi, alisema, jiulize kazi yenyewe inataka muda gani na wewe una muda gani, na kama havilingani, kataa kwa adabu. Nililielewa somo. Lakini mwalimu hakuwa amewaomba wateja wake kwa Mungu. Mtu aliyepiga magoti akalilia mvua, atasimamaje mlangoni aiambie imezidi? Kila simu iliyolia niliiona kuwa ni jibu, na jibu la Mungu halirudishwi lilikotoka. Kwa hiyo sawa. Sawa, nitabadilisha. Sawa, kesho. Sawa, hata na hiyo nyingine.

Kazi ikaanza kula vitu vya jirani yake. Kwanza ilikula chakula cha jioni, nikawa nakula, sahani mkono mmoja, kipanya mkono wa pili. Kisha ukuta ukigongwa nikawa nasema, "Nakuja, Mama." Nakuja ile ikarefuka, nikawa namkuta ameshafika amina. Halafu nikawa namkuta amelala. Halafu ukuta ukaacha kugongwa. Siwezi kusema uliacha lini. Hakuna jioni niliyoinua kichwa nikasema, mbona leo kimya?

Jumanne kliniki ilijaa. Msaidizi wa daktari, mwenzangu wa miaka mingi, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo, alinisogelea wakati foleni imepungua.

"Mama Tovuti," akaniita, maana ndivyo anavyoniita tangu nipate cheti, "unajua umemwambiaje yule baba aliyeng'olewa gego? Umemwambia karibu tena. Watu hawapendi kukaribishwa tena kwetu."

"Nimesema hivyo?"

"Kwa sauti. Na mtu amekuangalia kama umemlaani. Una nini?"

"Sina kitu. Mama anahama Jumamosi, anakwenda kwa mdogo wangu."

Aliacha kupanga glavu. "Anahama? Mmegombana?"

"Hapana."

"Sasa anahama kwa nini?"

Nikagundua kwamba sikuwa nimeuliza.

"Wewe ulipoambiwa ukasema nini?"

"Nilisema sawa."

"Sawa?"

"Sawa."

"Mama mzazi, siyo yule mama wa vitanda?"

"Mama mzazi."

Akatikisa kichwa. "Mwenzangu, humu ndani sisi tunawachoma watu sindano. Wewe umepigwa ganzi bila sindano."

Alicheka, nami nikafanya uso wa kucheka. Kuna sentensi moja ambayo ni kazi yangu kuisema siku nzima, kwa kila anayetoka chumbani kwa daktari shavu limelegea: "Usile chochote mpaka ganzi iishe. Utajing'ata usijue." Nimeisema mara nyingi mpaka imekuwa kama kikohozi. Nilimwambia aliyefuata, na aliyefuata.

Mchana simu yangu ikalia. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kusubiriwa.

"Wewe ndiye fundi wa tovuti? Nimepewa namba na Breki. Mimi ndiye mwenye mabasi."

Hakuhitaji kusema mabasi gani. Mji mzima unayajua. Akanieleza anachotaka: ratiba, picha, watu wachague viti vyao wakiwa nyumbani kwao. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuzigusa, na ilikuwa imekuja yenyewe, kwa miguu yake, mpaka kwenye kiti changu cha mapokezi.

"Jumamosi asubuhi uje ofisini," akasema. "Jumapili uanze. Mimi sipendi mambo ya polepole. Mabasi yangu si umeyaona yanavyokwenda?"

"Nimeyaona."

"Basi sawa?"

"Sawa."

Simu ilipokatika ndipo nikakumbuka Jumamosi ni siku gani. Nikafikiri, nitamuaga Mama mapema, halafu niende. Nilifikiri hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

Jumatano kiti cha daktari kilikataa kuinuka. Kilishuka na mgonjwa juu yake, kikabaki huko huko, na fundi alipochungulia chini yake akasema kifaa kinachotakiwa hakipo mjini. Wagonjwa wakaambiwa warudi Ijumaa. Nikafika nyumbani jua bado kali, saa ambayo Mama hanitegemei. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia chumba changu cha kazi, nikaketi. Sikuwasha kompyuta mara moja. Sijui kwa nini. Mikono ilikuwa juu ya meza tu.

Ndipo nikamsikia kupitia ukutani.

"...na huyu binti yangu, Mungu wangu, unamjua, yule mwenye kichwa kigumu. Mletee wateja. Walio karibu uwalete, walio mbali uwalete. Wenye maduka, wenye magari, wenye shule. Asikose mtu wa kumpigia simu. Asikae bure hata siku moja..."

Nilinyanyuka, nikaenda. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkongojo kwenye mapaja, macho ameyafumba. Mabegi mawili yalikuwa wazi sakafuni, moja limejaa nusu.

"Mama."

Akafumbua jicho moja. "Mbona mapema? Mmefungiwa?"

"Kiti kimeharibika. Mama, unaomba nini?"

"Ulichoniambia niombe."

"Nilikuambia lini?"

"Ulipoanza. Umesahau? Ulikuja hapa hapa, ukasema, Mama, niombee wateja. Naomba."

"Mpaka leo?"

"Hukuniambia niache." Akafumbua na la pili. "Jioni ninyi wenye kazi mna mambo mengi, kwa hiyo siku hizi naomba mchana pia. Nimeongeza."

Nilishika fremu ya mlango. "Mama, nina wateja mpaka sipati pa kuwaweka. Sili. Silali vizuri. Nimesahau hata rangi ya nyumba ya jirani."

"Naona. Nikajiambia, sala zinafika."

"Basi acha. Usiwaombe tena."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwambia azime jua. "Niache? Tumemlilia mpaka ametusikia, leo tumwambie chukua vitu vyako? Atatuonaje?"

Hilo ndilo nililokuwa nikijiambia mimi mwenyewe kila simu ilipolia. Mama na mimi tuliketi pande mbili za ukuta mmoja. Yeye aliita, mimi nikafungua mlango, na kila mmoja alidhani anamtii Mungu kwa niaba ya mwenzake. Nadhani kwa mtu mwingine jambo hili lingechekesha. Nililiona kuwa linachekesha, lakini kicheko hakikuja.

Nikauliza swali la Jumatatu. "Mama, kwa nini unaondoka?"

"Kwa mdogo wako kuna kelele," akasema. "Wale watoto wanapiga kelele, mkwe wangu anapiga kelele na redio juu yake. Mdogo wako mwenyewe akilala anakoroma kama mashine ya kusaga. Nataka kelele. Hapa nasikia vidole vyako tu. Ti, ti, ti. Siku nzima kama mvua ya kwenye bati, halafu hainyeshi."

"Si ungesema?"

"Nilisema Jumatatu. Nikasimama pale mlangoni na kikombe changu, nikangoja uniambie, Mama, unakwenda wapi." Akaugeuza mpini wa mkongojo. "Ukaniambia sawa."

Nilifungua mdomo. Simu ikalia mfukoni mwangu. Ilikuwa mama wa vitanda. Nikaiangalia, nikamwangalia Mama, na kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

"Pokea tu, mwanangu," Mama akasema. "Huyo mimi ndiye niliyemwita."

Nikapokea. Mama wa vitanda alikuwa ameamua kwamba nyekundu ya heshima sasa iwe kahawia.

Alhamisi nilipiga magoti kabla ya kwenda kazini. Sala ni kitu ambacho sijawahi kukikosa, hata kwenye msiba sikukikosa. Maneno yalikuja, lakini yalikuja kama yale maneno ya kujazia nafasi ambayo sisi hutia kwenye ukurasa wakati mteja hajaleta maelezo yake: mistari iliyopangika vizuri, haina maana yoyote, ipo tu ili sanduku lisionekane tupu. Nilimwambia Mungu nakushukuru, unibariki, unilinde. Nikasikia kwamba sikuwa nimesema kitu. Nikabaki magotini bila kusema, na hapo pia sikusikia kitu. Nikainuka, nikaenda kazini.

Ijumaa kiti cha daktari kilipona. Asubuhi alikuja mwanamume wa makamo aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, akatolewa jino, nami nikamwambia sentensi yangu. Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Haikupita muda akarudi. Alikuwa amesahau mwavuli wake. Alisimama mbele yangu akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na mdomo wa chini ulikuwa umekatika, na damu ilikuwa imeshuka kidevuni, imeingia kwenye kola, imefika kifuani.

"Samahani, mwavuli wangu," akasema.

"Baba, unatoka damu."

"Nani?"

"Wewe. Umejing'ata."

Akashusha macho kwenye shati lake. "Ala! Nimekula chapati tu hapo nje," akasema. Akagusa mdomo, akaangalia kidole, akaangalia kidole tena, bado anatabasamu, kwa sababu hakuwa anasikia maumivu yoyote. "Hii ni yangu?"

Msaidizi wa daktari akamkimbiza ndani. Mimi nikabaki nimesimama na mwavuli wa mtu mkononi. Niliwaza shati lile, jinsi lilivyokuwa jeupe. Niliwaza Mama amesimama mlangoni na kikombe. Haikuwa hisia, sitasema ilikuwa hisia. Ilikuwa kama kusoma ripoti: hapa pana damu, na ni yangu, na mimi ndiye niliyeng'ata.

Nikamwomba mwenzangu anishikie meza, nikatoka kwenye korido ya nyuma yanakokaa matenki ya maji, nikampigia mwenye mabasi.

"Fundi!" akasema. "Kesho usichelewe."

"Nimekupigia kukuambia siji."

"Huji saa ile, au huji?"

"Siji. Kazi yenyewe siwezi kuichukua. Samahani sana."

"Kuna mtu mwingine amekuchukua?"

"Hapana. Ni mama yangu."

"Anaumwa? Pole sana."

"Haumwi. Anahama kesho. Anakwenda kwa mdogo wangu."

"Sasa si anakwenda kwa mwanawe? Hapo tatizo liko wapi?"

"Nataka asiende."

Nililisikia neno hilo likitoka. Nilikuwa sijalisema popote, hata kichwani. Lilikuwa kavu, kama kipande cha mkate, lakini lilikuwa la kweli.

Mwenye mabasi akapumua. "Haya. Tuseme Jumapili?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshakaa mkao wa sawa. Ulikaa wenyewe, kama mguu unavyokanyaga breki. Ikabidi niufunge, nikaufungua upya.

"Hapana. Labda baadaye, mwezi mwingine. Labda. Lakini nakuomba usiningoje. Nitakutumia namba ya mwalimu wangu, yeye anajua zaidi yangu, na yeye akisema anaweza, anaweza."

"Dada," akasema, "watu wananikataa mimi kwa sababu nyingi. Hii sijaisikia." Hakukasirika. Hakucheka pia. Akakata simu.

Nikabaki pale kwenye matenki. Nilidhani nitaogopa, nikingoja kitu kidondoke kutoka juu. Maji yalikuwa yanajaa kwenye tenki moja, yakafika mwisho, lile boya ndani yake likainuka na kufunga koki, maji yakaacha. Hakuna aliyeyalaumu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na simu mkononi, nikampigia Breki pia.

"Fundi wangu! Sema, gari linatembea?"

"Halitembei, Breki. Halitatembea wala halitapiga honi. Litasimama katikati ya ukurasa. Ukurasa utakuwa tayari mwisho wa wiki ijayo, si kabla."

Akafikiri. "Limesimama, lakini taa zinawaka?"

"Taa naweza."

"Basi taa. Siku zote nawaambia wanafunzi, gari lililosimama vizuri ni udereva pia."

Jumamosi mdogo wangu alifika asubuhi na gari la kuazima. Mabegi ya Mama yalikuwa tayari sebuleni, yamefungwa, la pili limefungwa kwa mtandio wake wa zamani kwa sababu zipu yake iliharibika. Usiku wa Ijumaa nilikuwa nimekwenda mlangoni kwake nikamkuta amelala, au amefumba macho. Kwa hiyo sikuwa nimesema lolote bado. Nilikuwa jikoni, nachemsha chai, nasikia mdogo wangu akinyanyua begi la kwanza.

"Mama, umeweka mawe humu?"

"Nguo za mtu mzima zina uzito. Beba."

Nikatoka jikoni. Mama alikuwa ameshavaa viatu. Ameketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, mkongojo mkononi, kitambaa kichwani, kama abiria. Hakunitazama. Mdogo wangu alikuwa ameshafika nusu ya mlango.

"Hapana," nikasema.

Wakageuka wote wawili.

"Hapana nini, Dada?" mdogo wangu akauliza.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, niliyapanga tangu alfajiri nikiwa magotini. Yote yalinitoka kichwani. "Hapana, Mama. Usiende."

Mama akaniangalia machoni, sio mgongoni. "Jumatatu ulisema sawa."

"Jumatatu sikusikia ulichosema. Nilikujibu kama mteja. Nisamehe, Mama."

"Na leo huna mteja?"

"Nilikuwa naye. Nimemkataa."

"Nani?"

"Mwenye mabasi."

Mkongojo ukashuka kidogo. "Mwenye mabasi yale yale?" Akamgeukia mdogo wangu kama vile yeye ndiye aliyefanya kosa. "Huyo nilimwomba Mungu kwa siku tatu! Nilisema kabisa, wenye magari, tena makubwa."

"Mama, mimi nilimkataa kwa adabu," nikasema.

Mdogo wangu aliliweka begi chini. "Jamani. Gari nimeazima, mke wangu amehamisha watoto chumba, kitanda kimetandikwa. Nyie mnacheza?"

"Dada yako amekataa," Mama akamwambia.

"Amekataa nini?"

"Muulize. Na mimi nataka kusikia tena."

Akanigeukia, mikono kiunoni, jasho kwenye paji la uso. Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, lakini pale alikuwa na haki ya kuuliza. "Dada. Mama aende au asiende?"

"Asiende. Abaki hapa kwangu. Aje kwako kusalimia watoto, asikie kelele, arudi."

Nilitegemea kwamba nikilisema mara ya pili nitalia. Sikulia. Kulikuwa na kitu kwenye midomo tu, kama wadudu wadogo wanatembea, ndivyo wagonjwa wanavyotueleza ganzi inapoanza kutoka. Mama alikuwa ananisoma uso.

"Hulii," akasema.

"Siwezi bado, Mama."

"Haya. Hatuna haraka." Akaanza kuvua kiatu, akakiacha katikati. "Lakini sikilizeni wote, shahidi yupo. Nitagonga ukuta mara moja. Sitagonga mara mbili. Usipokuja, huyu mdogo wako nampigia simu, na begi litafungwa tena."

"Nitakuja."

"Unasema nitakuja au nakuja?"

"Nitafunga kompyuta kwanza. Halafu nitakuja."

Mdogo wangu akanywa chai yake kwa manung'uniko, akasema sasa yeye atamwambia nini mkewe. Mama akamwambia asikimbie, wasali kwanza, kwa kuwa ameshakuja na harudi na mtu. Tukaketi watatu kwenye kitanda chake, kitanda kikalalamika. Mama akafumba macho.

"Niombe nini sasa?" akanong'ona, akitufungulia jicho moja. "Wateja nimeshazoea."

"Shukuru," nikasema. "Halafu sema imetosha."

Akafikiri. "Mungu wangu," akasema kwa sauti yake ya kuita ng'ambo ya ua, "wale wateja tumewapata. Asante. Imetosha. Waliobaki njiani usiwarudishe bure, wapeleke kwa yule mwalimu wake, naye ana mama. Na huyu binti yangu, unamjua."

Hakuendelea. Safari hii hakuomba kitu chochote juu yangu, alinitaja tu. Tukaitikia amina.

Mdogo wangu alipoondoka nikaketi sakafuni nikafungua fundo la ule mtandio kwenye begi la pili. Nikatoa sweta lake la kijani, nikalikunja, nikalirudisha kwenye rafu. Nikatoa jingine. Mama alikuwa kitandani anatazama kama ninakunja vizuri. Upande wa pili wa ukuta, kwenye meza yangu, simu ilianza kutetemeka juu ya mbao. Ilitetemeka ikagonga ukuta, ikagonga tena. Tukaisikiliza sote wawili.

"Yule atagonga mpaka achoke," Mama akasema. "Nipe hiyo kanga, umeikunja vibaya."

Nikampa kanga.